Ndimu Nne Chini ya Magurudumu

Tusifichane: siku ile mjinga alikuwa Sanga Kiponda. Hakuwa yule bibi wa Ganze, hakuwa Marvin wa ofisini, wala hakuwa yule mbuzi aliyefungwa mkanda kwenye kiti cha mbele. Sanga mwenyewe hukiri hivyo siku hizi, akishamaliza kikombe cha pili cha chai na kuhakikisha kwamba anayelipa ni mtu mwingine.

Na jambo hili ni la kushangaza, maana Sanga si mtu wa kuchezewa. Huyu ndiye aliyewakodishia wageni wa Watamu miavuli ya hoteli waliyolala wenyewe. Huyu ndiye aliyemuuzia jirani yake kivuli cha mkorosho, na mkorosho ulikuwa wa jirani. Mdomo wake ulikuwa na mafuta kuliko sahani ya pilau, na miguu yake ilijua kukimbia tangu haijajua kuvaa viatu. Ila mjanja naye huzeeka, na akifika miaka thelathini na minne huanza kutamani mshahara. Ndivyo alivyoingia kazini Malindi, kwenye kampuni ya Bi Lata na mumewe Kishor, wauza pampu za maji za nguvu za jua. Kampuni iliitwa Tone Pampu.

Jumamosi moja asubuhi, Bi Lata aliwaita uani wauzaji wake wawili, Sanga na Marvin. Katikati ya ua palisimama gari. Pikapu nyeupe ya dizeli, milango minne, mpya, viti vyake bado vimevikwa nailoni. Ubavuni liliandikwa TONE PAMPU kwa herufi za buluu, na chini yake namba ya simu ya ofisi, kubwa kama mtu anayeita kutoka ng'ambo.

"Gari ni moja, nyinyi ni wawili," alisema Bi Lata. Mama huyu alizaliwa Malindi, akasomea Malindi, na Kiswahili chake kilinyooka kama rula. "Leo ni zamu ya Sanga. Rudi saa kumi na moja jioni na fomu moja ya oda, ina saini na muhuri wa kikundi kilichoandikishwa. Ukirudi nayo, gari hili ni lako la kazi. Ukirudi mikono mitupu, ufunguo utakwenda kwa Marvin, nawe utapanda pikipiki yake."

"Saini haitoshi, Bi Lata?"

"Fomu bila muhuri ni karatasi ya kufungia mahamri."

Marvin alikuwa kijana wa maneno machache, na hayo machache alikuwa akiyatunza kama sare ya shule. Akaingia ofisini kushika zamu ya simu.

Kabla gari halijatoka, Bi Lata na Kishor waliliombea, kama walivyoombea kila gari jipya tangu enzi za baba zao. Wakalipaka boneti alama ya unga mwekundu. Wakalivika shada la maua ya manjano. Kishor akavunja nazi. Kisha wakaweka ndimu nne, moja chini ya kila gurudumu, wakamwambia Sanga awashe na kusonga mbele polepole. Pyu, pyu, pyu, pyu. Mwisho Bi Lata akatundika mbele ya gari uzi wenye ndimu moja na pilipili saba.

"Huu usiukate," akasema. "Acha ukauke wenyewe. Haya, nenda kwa heri."

Sanga akaenda. Lo, akaendaje!

Yeye alizoea magari ya kusukumwa, magari ambayo mlango ukifunga huu unafunguka ule. Hili hata ufunguo wake haukuwa na meno. Jambo hilo lilimpendeza mno, kwa kuwa hata yeye huuma bila kuonyesha meno. Ukibonyeza kitufe, injini inaitikia kwa sauti nzito ya dizeli, sauti ya mzee aliyeshiba ambaye hana haja ya kugombana na mtu. Ukikanyaga mafuta, kwanza haliendi. Linavuta pumzi, linafikiri, halafu linakusukuma mgongoni kama shemeji anayekukaribisha ndani. Mlima liliupanda kana kwamba mlima umeinama kulisalimia. Sindano ya mafuta ilikataa kushuka. Alipofika Gede aliigongagonga kwa kidole, akidhani imelala.

Nailoni hakuitoa. Mtu hatoi nailoni kwenye kiti kipya. Nailoni ndiyo cheti chake. Alikaa juu yake akitoa jasho, kila akigeuka inalia chwaa, naye akajiona yuko peponi, ila pepo yenyewe ina joto kidogo.

Alikuwa na saa nyingi na barabara safi, na kama angeingia kijiji chochote akasema, "Shikamooni, nauza pampu," hadithi hii ingekuwa fupi na yenye faida. Lakini alisimama Matsangoni. Kwao ni Matsangoni, na ni nani apitaye kwao na gari jipya asisimame?

Nahashon, rafiki yake wa tangu utotoni, alikuwa stendi na wenzake wa bodaboda.

"Sanga! Hilo gari umeliiba au limekuiba?"

"La kazini, ndugu yangu. Meneja lazima atembee."

"Meneja wa nini? Wa kuwakimbia polisi?"

Wenzake wakacheka, wakalisogelea gari. Kisha wakasita. Mmoja aliona unga mwekundu kwenye boneti. Mwingine akaona uzi wenye ndimu na pilipili. Kicheko kikapungua, kikakatika kama maji ya mfereji.

"Hili gari limezindikwa," akanong'ona mmoja, akavua kofia.

"Limetengenezwa na watu wanaojua," akasema wa pili. "Sanga, naomba niguse boneti. Pikipiki yangu huu mwezi wa pili haina bahati."

Akagusa. Wa tatu naye akagusa. Mmoja akapitisha mkono kwenye boneti kisha akajipaka usoni. Nahashon peke yake ndiye aliyebaki mbali, akimtazama Sanga, kwa kuwa alimjua: macho ya Sanga yalikuwa yameanza kung'aa kama ya paka aliyesikia kifuniko cha sufuria.

"Sanga," Nahashon akasema, "chochote unachokifikiria, usikifikirie."

Lakini nani ataizuia dizeli ikishapata moto? Alipofika Kilifi, Sanga alipita sokoni akanunua mfuko mzima wa ndimu.

Alijiambia hivi, na ilimwingia akilini vizuri sana: pampu ni ghali, Ganze ni kukavu, na watu wa kukavu wana taabu ya maji, hawana pesa za pampu. Kuwabembeleza wanunue ni kupoteza asubuhi. Saini na muhuri, lakini, ni bure. Mtu hatii saini kwenye pampu, ila kwenye baraka atatia hata kidole cha mguu. Fomu ikifika kwa Bi Lata, gari limekaa. Watakapopigiwa simu kuulizwa malipo, mwezi utakuwa umepita, na mwezi ndani ya gari lile ni umri wa mtu mzima. Akaichukua fomu ya oda, akaikunja sehemu ya juu palipoandikwa PAMPU, akaibana na klipu kwenye ubao. Hapo hapo ikageuka kuwa Daftari la Baraka.

Saa nne na nusu aliingia kijiji kimoja cha Ganze, vumbi likimfuata kama wapambe. Palikuwa na uwanja, duka moja, na katikati ya uwanja jukwaa dogo la saruji lenye kifuniko cha chuma na matawi ya miiba juu yake. Sanga aliona ni mahali pazuri pa kuhutubia. Akaiondoa miiba, akapanda.

Wanawake walianza kukusanyika, ndoo vichwani. Mbele yao alikuja bibi mmoja mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi shingoni, leso mbili, moja imekazwa kiunoni kwa fundo kubwa. Wote walimwita Hawe Kabibi. Hawe ni bibi kwa Kigiriama, na yeye alikuwa bibi wa kijiji kizima, hata wa wale waliomzidi umri.

"Shikamoo, Hawe."

"Marahaba, mjukuu wangu. Gari lako limefanyiwa nini, mbona limevaa ndimu?"

Hapo ulimi wa Sanga uliwaka kabla ya ubongo.

"Hawe, umeuliza swali la mtu mwenye macho! Gari hili, akina mama, limeombewa na wazee wa duka moja la Malindi. Duka hilo lina miaka sitini, mmewahi kusikia limekosa mteja? Hamjasikia! Gurudumu hili likikanyaga ndimu yako, vikwazo vyako vyote vimekanyagwa. Biashara, ndoa, kikohozi!"

"Kikohozi pia?" mmoja akauliza.

"Kikohozi kinatangulia."

"Na kiasi gani?" Hawe Kabibi akauliza.

"Bure!" Sanga akafungua mikono, juu ya lile jukwaa, kama mtu anayegawa urithi wa mwingine. "Mimi naandika tu kwenye Daftari la Baraka. Kila kikundi kinatia saini na muhuri, kila mama anapewa ndimu yake imefungwa kwenye karatasi. Sharti ni moja. Usiifungue kabla hujafika inakokwenda. Ukiifungua njiani, baraka inaruka."

"Inaruka kwenda wapi?"

"Kwa jirani."

Wanawake wakaguna kwa hofu. Kila mmoja alikuwa na jirani.

Hawe Kabibi akaomba alishike lile daftari, "niinuse baraka." Akavaa miwani. Akalishika karibu na uso, midomo ikachezacheza. Sanga akashusha macho kwa adabu. Alidhani bibi anaomba. Alipomaliza kuomba, akaikunjua ile sehemu iliyokunjwa, akaikunja tena vizuri kuliko ilivyokuwa, akalizunguka gari taratibu. Alisimama kwenye ubavu wenye maandishi ya buluu kwa muda mrefu, kichwa kimeinama. Sanga akaona machozi yanamlengalenga bibi wa watu. Kwa kweli ilikuwa jua.

"Mjukuu wangu," akasema aliporudi, "kikundi chetu kinaitwa Kaza Moyo. Tumeandikishwa, tuna cheti. Saini nitatia sasa hivi. Muhuri ndio taabu."

"Taabu gani, Hawe?" Sanga akauliza, saini ikiwa bado mbichi.

"Anao katibu wetu, Caroline. Yuko silangani, anateka maji."

Silanga ni bwawa la mvua, na lile la kwao lilikuwa mbali kiasi kwamba wanawake huondoka na nyota wakarudi na jua la utosi.

"Nitamfuata!" akasema Sanga. "Kwa gari hili ni kupepesa jicho."

"Basi kwa kuwa unakwenda," akasema Hawe Kabibi, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, "chukua na hii mitungi. Haina uzito. Ni mitupu."

Mitungi ikapanda nyuma. Ilikuwa arobaini na minane. Kisha wakapanda na wenye mitungi.

Caroline alipatikana silangani, msichana mrefu mwenye simu sikioni. Alipomwona Sanga, alikata simu, akacheka kidogo peke yake, kisha akauficha uso.

"Muhuri? Ah, kaka, jana nilimpa mweka hazina, Dorcas. Yuko kwenye kisiagi, anasaga mahindi. Lakini tusaidie kwanza na hii mitungi, maana sasa ina uzito."

Sanga alivua viatu, akapandisha suruali, akainua mitungi. Hakununa. Alikuwa akilitazama gari: mzigo ulivyoongezeka lilishuka kidogo nyuma, kama mzee anayekaa vizuri kitini, na alipowasha liliondoka kwenye tope bila hata kukohoa. "Umeona?" akamwambia Caroline. "Hii ndiyo dizeli. Petroli ingekuwa inalia sasa hivi."

"Naona, kaka. Gari limebarikiwa."

Wakashusha maji kijijini. Wakapakia magunia ya mahindi ya kupeleka kisiagini, kwa kuwa anakwenda huko huko. Na mzee mmoja akaomba kitanda chake kipelekwe, kwa kuwa ni njiani. Haikuwa njiani. Na mbuzi wawili, dume na jike, waliokuwa wanahamia kwa mwenyewe mpya.

Jike alikwenda nyuma. Dume alikataa. Alipopakiwa nyuma aliruka, na alipofungwa alikata kamba. Mwisho akapewa kiti cha mbele, akaketi juu ya nailoni akitazama barabara kama mkaguzi. Gari likaanza kulia. Ting, ting, ting.

"Nini hicho?" wakauliza akina mama.

"Abiria wa mbele hajafunga mkanda," akasema Sanga.

Ting, ting, ting, njia nzima, mpaka kichwa kikaanza kumgonga. Akasimama, akamfunga mbuzi mkanda. Kengele ikanyamaza. Mbuzi akamtazama kwa heshima mpya, akainamisha kichwa, akala nailoni. Walipofika kisiagini, Sanga alizunguka kumfungua abiria wake, na huku nyuma jike akawa ameshuka mwenyewe, amesimama mbele ya gari, anamaliza shada la maua ya manjano. Pilipili aliziacha. Mbuzi si mjinga.

Dorcas, mweka hazina, alikuwa mweupe wa unga mpaka kwenye kope. Na huyu, lazima tuseme ukweli, aliiamini ile baraka kutoka moyoni.

"Kaka, kuna kisiagi kingine pale ng'ambo kimenichukulia wateja. Ndimu moja inatosha kukiharibu?"

"Hatuharibu, dada, tunafungua njia."

"Basi nifungulie kupitia kwake."

Akamkanyagia ndimu mbili. "Muhuri sasa, dada Dorcas."

"Muhuri ulikauka wino, nikamrudishia Caroline autie wino. Hamkupishana?"

Akarudi silangani. Na kwa kuwa anarudi, mitungi ilikuwa inasubiri. Kwa bahati ilikuwa imeongezeka. Caroline akasema, "Lo! Nimempa Hawe sasa hivi." Kwa Hawe Kabibi akaambiwa yuko msibani jirani, angoje, na wakati anangoja, kwani safari moja zaidi ya maji itamuumiza nini kijana mwenye gari kama lile? Sanga akaenda ya tatu. Saa ilikwenda. Gari jeupe lilikuwa jekundu hadi kwenye vioo, lina harufu ya zizi, na kwenye kiti cha mbele nailoni ilibaki vipande viwili kama ndevu. Lakini kila alipobonyeza kile kitufe, mzee aliitikia kwa sauti yake ya shibe, na Sanga akasahau mgongo. Litakuwa langu, akajiambia. Nitaliosha. Nitalipaka manukato.

Saa tisa kamili Hawe Kabibi alitokea, akaketi kwenye lile jukwaa la saruji, akalegeza fundo la leso kiunoni. Ndani ya fundo mlikuwa na tumbaku, funguo mbili, na muhuri.

"Eh!" akasema bibi. "Kumbe nilikuwa nao mimi! Uzee huu, mjukuu wangu."

Mtu mwingine angelia. Sanga alicheka, akaubusu ule muhuri mbele ya kadamnasi.

"Gonga, Hawe! Gonga!"

"Hapa kuna vumbi. Nipe hilo daftari niingie nalo ndani, nigonge mezani, kwa heshima."

Akaingia nalo nyumbani kwake. Ndani ikasikika kalamu, kisha, tap! Sanga alisikia ile tap ikishuka kifuani kama maji baridi. Hawe akatoka na bahasha ya kaki, imegandishwa kwa ugali wa moto kila pembe.

"Hii hapa. Ila usiifungue njiani, mjukuu wangu. Sharti umetupa mwenyewe. Itaruka."

"Kwa jirani," wakaitikia akina mama wote kwa pamoja.

Hapo ndipo pa kujiuliza: mjanja mzima, hakuichungulia? Jamani, angeichunguliaje? Kijiji kizima kilikuwa kimesimama kinamuaga kwa vigelegele, na mwongo mzuri huheshimu uongo wake mbele ya watu. Barabarani je? Barabarani ulikuwa umebaki muda wa saa mbili tu, na ugali ule ulikuwa umekauka kama saruji. Bahasha iliyochanwa Bi Lata angeiulizia. Na tuseme lililo la kweli zaidi: hakuona haja. Muhuri aliusikia kwa masikio yake. Wanakijiji, katika hesabu zake, hutia saini tu, hawaandiki.

Alipita Matsangoni akipiga honi.

"Nahashon! Gari limekaa! Ni langu!"

"Mbona linanuka mbuzi?" Nahashon akapaza sauti, lakini dizeli ilikuwa imeshavuta pumzi na kuondoka.

Saa kumi na moja kasoro dakika nne aliingia uani Malindi. Bi Lata alikuwa amesimama mlangoni, Marvin nyuma yake. Bi Lata alilitazama gari. Alitafuta rangi nyeupe, akaiona kidogo karibu na antena. Alitazama mahali palipokuwa na maua. Alichungulia kiti cha mbele.

"Sanga, nani alikaa hapa?"

"Mteja, Bi Lata." Akampa bahasha kwa mikono miwili. "Saini na muhuri. Kaza Moyo, Ganze. Ufunguo nitabaki nao, au tutaandikishana kwanza?"

Bi Lata akaichana bahasha. Akasoma kimya. Akasoma mara ya pili. Kisha akasoma kwa sauti, pole pole, kama anayesomea darasa:

"'Sisi Kikundi cha Wanawake Kaza Moyo tumepokea kutoka kwa gari la Tone Pampu: maji, safari tatu. Mahindi, magunia tisa, yamekwenda na unga umerudi. Kitanda kimoja. Mbuzi wawili, wamefika salama. Ndimu kumi na saba. Tunashukuru. Kabibi, Mwenyekiti.' Na muhuri. Muhuri mzuri, umekolea wino."

"Hiyo... hiyo si fomu yangu."

"Fomu yako ni hii ya nyuma. Wameandika upande usio na kitu."

"Basi saini iko! Saini ya bibi nimeiona kwa macho yangu!"

"Iko. Marvin, mwambie."

Marvin alikohoa, akatoa maneno yake machache kutoka akibani. "Saa tano asubuhi mama mmoja alipiga hii namba ya ubavuni mwa gari. Akasema, 'Gari lenu liko kwetu na kijana wenu anauza ndimu. Nyinyi hasa mnauza nini?' Nikamwambia pampu. Halafu akasema wana kisima miaka minne, kirefu, kamba haifiki, na wamekuwa wakiweka akiba ya pampu hawajui wampelekee nani. Nikatuma fomu kwa simu ya mwenye duka la pale kijijini, wakainakili kwenye karatasi. Saa sita ikarudi picha yake, ina saini na muhuri. Pampu moja kubwa. Na tangi."

"Saa sita!" akamaka Sanga. Saa sita yeye alikuwa silangani, mtungi begani. Muhuri alikuwa anaukimbiza huku na huko, na muhuri ulikuwa kazini.

Bi Lata akanyoosha kiganja. Sanga akautazama ule ufunguo usio na meno, na kwa mara ya kwanza ukamuuma. Akauweka pale. Kiganja kikahamia kwa Marvin.

"Haki hakuna!" akalia Sanga. "Ni nani aliyefika Ganze? Mimi! Ni nani aliyelionyesha gari? Mimi! Bila mimi wangeiona wapi hiyo namba? Mpigieni huyo bibi. Mpigieni, aseme mbele yenu!"

Marvin akapiga, akaweka sauti ya nje. Ikalia mara mbili.

"Hawe Kabibi, shikamoo. Ni Sanga."

"Marahaba, mjukuu wangu! Umefika? Baraka haikuruka?"

Nyuma yake walisikika wanawake wakicheka mpaka wengine wakikohoa.

"Hawe, mmenitumikisha kutwa nzima kama punda!"

"Punda hatumfungi mkanda."

"Hawe, mimi sikatai, mmeniweza. Lakini useme haki mbele ya Bi Lata. Ile oda ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyekuja kijijini, mimi ndiye niliyesimama mbele yenu uwanjani nikasema mpaka koo likakauka. Oda ni yangu!"

Sauti ya bibi ikaja taratibu, bila hasira, kama mtu anayemfuta mtoto makamasi:

"Mjukuu wangu, ulipanda juu ya kisima chetu, ukasimama hapo hapo kwenye kifuniko, ukatuuzia ndimu. Pampu uliitaja saa ngapi?"